Kaka mikono yamtetema tangu joto lianze, na anatumia lithiamu. Ni dawa, ni kazi, ama ni nini?

Mdogomtu_Kisauni · Jumamosi, saa 2:40 usiku

Asalaam aleikum. Nina kakangu, miaka 34, ana bipola, yale maradhi ya akili ya kupanda na kushuka. Muda mrefu sasa yu mzima: kazi anafanya, pale Kongowea sokoni anasukuma mkokoteni, nyumbani mkewe na watoto hawana lalama. Dawa zake ni lithiamu ya kutuliza kupanda na kushuka, asubuhi na usiku, haloperidoli ya kutuliza akili, usiku, na Artane ya kupunguza kukakamaa.

Tangu hili joto la Februari lianze, mikono yamtetema. Mwanzo nilikiona kikombe cha chai kikicheza mkononi nikadhani ni uchovu. Wiki hii hata kufunga vifungo vya shati ni kazi, na jana alimwaga mchuzi mbele ya wageni, akaona haya akaondoka mezani.

Mama asema dawa zimemzidi, aziache aupumzishe mwili mpaka Ramadhani iishe. Mkewe hataki kusikia neno "aache", manake mara ya mwisho alipoacha alikuwa halali, akauza pikipiki ya watu akagawa pesa barazani. Kliniki yake ni baada ya wiki tatu. Aache, apunguze, ama asubiri?

BiMkubwa_Kuze

Waleikum salaam mwanangu. Mamako ana uchungu wa mwana, simlaumu, lakini msimwachishe. Marehemu mume wangu alikuwa na maradhi hayo hayo, na kila tulipoanguka tulianguka wakati wa raha. Mtu ajiona mzima, ajiuliza dawa za nini, apunguza moja, kisha mbili. Wiki za kwanza huoni kitu, wajipongeza. Kisha usiku mmoja wamsikia yuwaimba juu ya dari.

Wala hiyo "asubiri" siipendi. Wiki tatu ni nyingi kwa mtu asiyeweza kufunga kifungo.

Fundi_Magongo

Mkokoteni wa magunia ya viazi kwenye jua hili? Mimi nikishika nyundo tangu asubuhi jioni natetema, na sijameza hata Panadol. Ni kazi hiyo. Mpeni madafu mawili matatu, alale mchana, mtaona.

NesiTudor

@Mdogomtu nijibu haya kabla hujalala. Ametapika? Ameharisha? Ulimi mzito akizungumza? Akitembea anayumba? Ana usingizi usio wa kawaida, au anachanganya mambo? Ana homa na mwili umekakamaa? Likiwa moja katika hayo lipo, ni hospitali usiku huu, na neno la kwanza pale mapokezi liwe "anatumia lithiamu". Usianze na hadithi ya mchuzi.

Kwa wengine wanaosoma: kutetema kidogo kwa vidole ni jambo la kawaida kwa lithiamu, hata dozi ikiwa sawa kabisa. Kutetema kukubwa, kwa mkono mzima, kunakozidi siku hadi siku, ni habari nyengine. Dawa hii nafasi yake, baina ya dozi inayosaidia na inayodhuru, ni nyembamba. Kipimo cha damu kinachotakiwa ni kama 0.6 hadi 1.0 (milimoli kwa lita). Kuanzia 1.5 sumu huanza kuonekana wazi, na wako wanaodhurika chini ya hapo, hasa wazee. Mwili ukipoteza maji na chumvi kwa jasho, figo hushikilia chumvi iliyobaki, na lithiamu hushikiliwa pamoja nayo. Dozi ni ile ile, lakini damuni inapanda.

Na anameza dawa yoyote nyengine? Ya presha, ya maumivu, ya miti shamba?

Mdogomtu_Kisauni

Hajatapika. Anazungumza vizuri, anatembea vizuri, homa hana. Tumbo lilimwendesha wiki jana likakoma. Dawa nyengine hapana, ni hizo tu.

MkeWaBaharia_Likoni

Mimi naona mnaikimbilia lithiamu haraka. Dadangu alitetema hivi hivi na hakuwahi kutumia lithiamu maishani mwake. Ilikuwa haloperidoli. Mtazame akitembea: mikono inacheza ama imeganda ubavuni? Hatua ni fupi? Uso unacheka na kukunjana kama zamani? Dadangu watu walidhani amenuna, kumbe misuli ya uso ilikuwa imekaza. Daktari alipopunguza dozi, kidogo kidogo alirudi. Walipunguza wao na kadi yake iko wazi mbele yao. Sisi nyumbani hatukugusa kitu.

Mdogomtu_Kisauni

@MkeWaBaharia umenishtua. Haloperidoli iliongezwa Desemba, alipoanza kukosa usingizi. Uso sijui, mtu unayemwona kila siku humtazami.

TangaRaha

Jamani jirani zenu wa Tanga tupo, shikamooni. Mbona hakuna aliyeitaja Artane? Hiyo dawa hukausha: mdomo mkavu, macho mazito, na jasho linapungua. Mjomba wangu alikuwa akifanya kazi shambani, wenzake wameloa shati yeye mkavu, wakamsifu kuwa ana nguvu. Saa saba mchana akaanguka. Joto lilikuwa limebaki ndani ya mwili. Kaka anasukuma mkokoteni na anameza Artane, mimi hapo ndipo ningeanza.

Fundi_Magongo

Tanga nako mwajua joto nyinyi? Mnalala mchana kutwa.

TangaRaha

Tunalala kwa sababu tuna akili, Fundi. Nyinyi mnakula mahamri na chai ya moto saa sita mchana halafu mnalaumu jua.

NesiTudor

TangaRaha yuko sahihi kuhusu jasho, na Largactil, dawa nyengine ya akili, pia ni hivyo, tena hiyo huichoma ngozi ikikutana na jua letu. Lakini Artane yenyewe hutolewa ili kupunguza kule kukakamaa na kutetema kwa haloperidoli, kwa hivyo msije mkamnyang'anya mkaongeza tatizo.

@Fundi_Magongo madafu ni mazuri, ila maji ya dafu yana potasiamu nyingi na sodiamu chache, na mtu anayetoka jasho siku nzima anapoteza sodiamu. Anywe maji ya kawaida siku nzima na ale chakula chenye chumvi yake ya kawaida. Asiikate chumvi ghafla na asiizidishe ghafla. Chumvi ikishuka lithiamu hupanda, chumvi ikipanda lithiamu hushuka.

Sauti_Bamburi

Mnazunguka mbuyu. Muguka, yale majani ya kutafuna kama miraa. Wasukuma mikokoteni wangapi mnawajua hawatafuni? Gavana wa Mombasa alipiga marufuku Mei 2024, mahakama ikasimamisha agizo, na vibanda viko pale pale. Mtu mwenye bipola akitafuna, usingizi unaruka, mikono inatetema, moyo unakimbia. Haloperidoli iliongezwa Desemba kwa sababu ya kukosa usingizi, na usingizi ulikosekana kwa nini?

Mdogomtu_Kisauni

Nimemuuliza. Asema aliacha tangu mwaka jana. Mkewe asema kweli. Mimi siwezi kuapa.

PwaniDamu

Na hakuna anayesema lile kila mtu analijua. Mtu mzima, nguvu zake, ghafla mikono. Kongowea pana husuda, kijana alianza kupata wateja wake mwenyewe. Nendeni mkamtazamie kabla ya kumjaza sindano. Hospitali haina mashine ya kupima hayo.

OstadhMajengo

@PwaniDamu ndugu yangu, mimi ndiye hao unaosema waendewe. Watu huletwa kwangu kusomewa, na kombe naandika. Swali langu la kwanza kwa kila mgonjwa wa akili ni: dawa zako za hospitali ziko wapi na utameza saa ngapi? Asiyekuwa nazo namwambia aende Port Reitz, wana kitengo cha afya ya akili, au Makadara, Hospitali Kuu ya Pwani, kisha arudi nimsomee. Kisomo hakizuii kidonge na kidonge hakizuii kisomo. Anayekwambia utupe dawa ili ruqya, yaani kisomo, ifanye kazi, huyo mkimbie.

Na kwa mama yake Mdogomtu: mgonjwa ana ruhusa ya kutofunga, iko wazi katika Suratul Baqara. Akipona atalipa siku zake, na ambaye ugonjwa wake haumruhusu kabisa ana fidya. Hakuna haja ya kuacha dawa kwa ajili ya mfungo.

DukaLaDawa_Mishomoroni

Ninauza dawa, nawaambia ninachokiona kaunta. @Mdogomtu umemuuliza "unameza dawa nyengine?" akajibu hapana. Rudi umuulize hivi: "mgongo ukikuuma unafanyaje?" Watu hawahesabu dawa za maumivu kuwa ni dawa. Wabeba mizigo wananunua diklofenaki na Brufen jioni kwa jioni, mbili mbili, na wengi hawaulizwi kitu. Hizo huzuia figo kuitoa lithiamu. Kama ipo humo ndani, mmepata angalau nusu ya jibu.

Mdogomtu_Kisauni · saa 5:05 usiku

Nimekwenda kwake. Nimemuuliza kama ulivyosema. Amefungua mfuko wa suruali ya kazi, karatasi ya diklofenaki, zimebaki mbili. Kila jioni anameza, tangu mwezi uliopita mgongo ulipoanza.

NesiTudor

Basi tusizungumze tena habari ya wiki tatu. Kuharisha, jasho, diklofenaki, na kutetema kunakozidi: apelekwe hospitali sasa, hata kama anazungumza vizuri. Diklofenaki asiimeze tena. Mgongo ukimsumbua anaweza kutumia parasetamoli. Lithiamu ya usiku asiimeze mpaka daktari wa zamu aseme. Chukua pakiti zote, tupu na zenye dawa, pamoja na kadi ya kliniki.

BiMkubwa_Kuze

Na mwende na mkewe. Yeye ndiye ajuaye amelala saa ngapi na amekula nini.

Mdogomtu_Kisauni · Jumapili, saa 11:15 jioni

Shukran nyote. Usiku alikataa katakata, ati hataki kuonekana casualty kama mwehu. Ya usiku hakuimeza. Asubuhi akakubali, lakini kwa mazoea akawa ameshameza lithiamu yake saa 12 kabla sijafika. Tumefika, damu wametoa saa 5. Figo ziko sawa. Lithiamu 1.3. Wamemtia maji ya mshipa, wamesema diklofenaki basi, na lithiamu isimamishwe mpaka Jumanne warudie kipimo.

Sasa mama nyumbani ashangilia: "Si nilisema aache!"

BiMkubwa_Kuze

Mwambie mama, nampa salamu, aliona tatizo kabla yenu, na hilo ni lake. Lakini daktari amesimamisha huku amepima figo, amepanga siku ya kurudi, na Jumanne atajua la kufanya. Mama alitaka isimame mpaka Idi bila ya mtu kuangalia. Huko katikati ndiko mume wangu alikopotea.

Mpekuzi_Nyali

Nina swali kuhusu hiyo 1.3. Kipimo cha lithiamu huchukuliwa saa 12 hivi baada ya dozi ya mwisho. Yeye alimeza saa 12 asubuhi, damu saa 5, yaani masaa matano tu. Hapo dawa bado iko juu. Hiyo 1.3 ingengojwa mpaka jioni huenda ingekuwa ndani ya kiwango. Basi huenda lithiamu haina hatia na ni ile haloperidoli ya MkeWaBaharia.

DukaLaDawa_Mishomoroni

Na alikuwa ameruka dozi ya usiku. Angekuwa ameimeza, ingesoma juu zaidi. Hesabu inakwenda pande zote mbili, Mpekuzi.

NesiTudor

Nyote wawili mna hoja, ndiyo maana inarudiwa Jumanne. Daktari ameitazama mikono pamoja na namba. Mtu anaweza kuwa na 1.0 akadhurika.

KijanaJomvu

Samahani, lithiamu hii ndiyo ile ya betri za simu?? Wanamlisha betri?

Mpekuzi_Nyali

Elementi ni ile ile, kidonge ni chumvi yake. Aliyeonyesha kwamba inatuliza wazimu wa kupanda ni daktari wa Australia, John Cade, mwaka 1949. Na ajabu, mwaka huo huo Marekani chumvi ya lithiamu ilikuwa ikiuzwa kwa wagonjwa wa moyo waitie kwenye chakula badala ya chumvi ya mezani. Watu waliokatazwa sodiamu, wakanyunyiza lithiamu bila kipimo. Kuna waliokufa, ikaondolewa madukani. Marekani iliikubali rasmi kama dawa mwaka 1970 tu. Lile alilosema Nesi kuhusu chumvi, limejulikana kwa gharama kubwa.

KijanaJomvu

Haya, leo nimesoma kemia bila karo.

MkeWaBaharia_Likoni

@Mdogomtu na vidonge ni vile vile siku zote? Nauliza kwa sababu dawa ikikosekana kliniki mtu hununua dukani, na kampuni nyengine hutengeneza tofauti. Ya lithiamu haifai kubadilishwa kiholela, kila aina huachia dawa mwilini kwa mwendo wake.

Mdogomtu_Kisauni

Mwezi jana kliniki hawakuwa nayo, tulinunua mjini. Ilikuwa pakiti nyengine. Hatukumwambia mtu, tulishukuru tu kuipata, maana bei yake mkiwa mwanunua kwa mfuko wenu ni jambo.

BiMkubwa_Kuze

Na kahawa? Nauliza kwa kuwa Shaaban imeingia na wanaume wa barazani wengi huanza kuacha kahawa tungu mapema, ili Ramadhani isiwapige kichwa.

Mdogomtu_Kisauni

Mkewe asema ameacha, tena alikuwa mnywaji haswa. Umejuaje?

Sauti_Bamburi

Sasa hata kahawa! Kesho mtasema ni viazi karai.

Mpekuzi_Nyali

Usicheke Sauti. Kafeini huzisukuma figo kuitoa lithiamu. Mnywaji mkubwa akiacha ghafla, lithiamu hupanda bila dozi kubadilika. BiMkubwa amepiga penyewe.

Sauti_Bamburi

Nakubali la kahawa. La muguka sijaliondoa.

Kakamtu · Jumatatu, saa 4:20 usiku

Mimi ndiye kaka. Mdogo wangu amenionyesha huu uzi, nimesoma wote tangu juu.

@Sauti_Bamburi muguka nimeacha. Niliacha kwa ajili ya binti yangu, na sikuacha ili watu wanisifu, kwa hivyo usiponiamini sikulazimishi.

Kuna jambo hamjaniuliza. Tangu Shaaban ianze nimekuwa nikijaribu kumeza lithiamu ya asubuhi na ya usiku pamoja wakati wa daku, ili Ramadhani inikute nimezoea. Jumapili niliimeza zote mbili saa 12, kwa hivyo ile dozi ya Jumamosi mnayosema niliiruka, sikuiruka. Daktari sikumwambia. Kliniki ni foleni ya nusu siku na mazungumzo ya dakika chache: unalala? unasikia sauti? haya, dawa zile zile. Hakuna aliyewahi kuniuliza nafanya kazi gani. Angeniuliza ningemwambia nasukuma mkokoteni, na mgongo ungetajwa wenyewe.

Nataka kufunga. Nataka mikono yangu. Na sitaki kurudi kule nilikokuwa, mnaozungumza habari ya kuacha hamkuniona mimi barazani nikigawa pesa za watu. Nayataka matatu hayo pamoja, na nataka nikae mimi na daktari tuyapange, si mama, si mdogo wangu.

OstadhMajengo

Kaka, Mungu akuhifadhi. Ukitaka nitakusindikiza. Nitakaa nje.

NesiTudor

@Kakamtu nimefurahi umeandika. Sheria ya Afya ya Akili iliyorekebishwa mwaka 2022 inakupa haki ya kushiriki katika kupanga matibabu yako, kwa hivyo unachokitaka si hisani. Kesho ukiingia, sema mwanzo kabisa, kabla ya swali la usingizi: "nilikuwa nameza dozi mbili kwa pamoja." Hilo linabadilisha maana ya ile 1.3 kabisa, kwa sababu damu ilitolewa masaa matano baada ya dozi ya siku nzima.

Kumeza lithiamu yote mara moja usiku ni jambo ambalo madaktari wenyewe hulifanya kwa wengi, sijui kama kwako linafaa, lakini liombe, lijadiliwe, kisha lipimwe baada ya wiki. Andika kwenye karatasi kila unachomeza, hata cha mgongo, hata kahawa, na saa yake. Kazi yako iandike juu kabisa kwa herufi kubwa.

Kuhusu mfungo muulize wazi: nikifunga nikiwa nasukuma mkokoteni, nikifunga nikiwa nimepumzika, nisipofunga mwaka huu. Ni maswali matatu tofauti.

Fundi_Magongo

Kakamtu, mwezi wa Ramadhani nina kazi ya kupiga rangi ndani ya nyumba, Mikindani. Kivulini. Malipo si makubwa lakini hakuna jua wala gunia. Mwambie mdogo wako anitumie ujumbe pembeni.

PwaniDamu

Mimi bado naona husuda ipo. Lakini nenda hospitali.

Mdogomtu_Kisauni · Jumanne, saa 1:30 usiku

Tumerudi. Aliingia peke yake, mimi na Ostadh tulikaa kwenye benchi. Alikaa ndani muda mrefu mpaka watu wa foleni wakanitazama vibaya.

Lithiamu imeshuka, 0.4. Mikono imetulia kama nusu. Ataanza tena kwa dozi ndogo zaidi, usiku tu, pakiti ya aina moja, na kipimo tena baada ya wiki, asubuhi kabla ya kumeza chochote, masaa 12 kamili. Haloperidoli nayo imepunguzwa. Damu ya tezi ya thairoidi, ile ya shingoni, imechukuliwa, majibu bado. Kufunga amekatazwa mpaka kipimo kitulie, kisha watazungumza tena. Hakufurahi lakini alikubali, manake aliambiwa sababu.

Mpekuzi_Nyali

Kwa hivyo hatutajua. Diklofenaki imetoka, lithiamu imeshuka, haloperidoli imepungua, kazi imesimama, vyote katika siku tatu. Mikono ikitulia kabisa, kila mmoja hapa atasema ni yeye aliyepatia.

TangaRaha

Mimi nitasema ni Artane mpaka siku ya mwisho.

MkeWaBaharia_Likoni

Haloperidoli. Hiyo nusu iliyobaki ndiyo itakayochukua wiki kadhaa kuondoka, na mtanikumbuka.

DukaLaDawa_Mishomoroni

Na thairoidi msiisahau, lithiamu yenyewe huiharibu kwa wengine. Kwa kawaida huifanya ifanye kazi pole pole, mtu anachoka na kunenepa. Ikienda mbio ndiyo mikono hutetema, huwa nadra lakini ipo. Ngojeni majibu.

Kakamtu

Leo nimefunga vifungo vyote vya shati mwenyewe. @Fundi_Magongo nimepata ujumbe wako, Jumatatu nitakuja kuiona hiyo kazi.

Mwanaidi_Mtwapa

Samahani kuingilia. Nimefuata uzi huu tangu Jumamosi. Dadangu anatumia valproeti, dawa ya bipola na kifafa, naye sasa amechumbiwa, arusi ni baada ya Idi. Mama mkwe hajui habari ya dawa. Kuna mtu amemwambia dawa hiyo ni mbaya kwa mimba, anataka kuiacha kimya kimya kabla ya arusi. Nifanyeje?

NesiTudor

Mwanaidi, aliyemwambia amesema kweli: valproeti ni hatari sana kwa mtoto tumboni, kasoro za maumbile na za ukuaji wa akili zote mbili. Na kuiacha ghafla kimya kimya ni hatari kwake yeye. Kwa hivyo aende kliniki wiki hii, kabla ya arusi, aseme neno moja: "naolewa na nataka watoto." Wana dawa nyengine za kumhamishia taratibu, na kwa sasa atahitaji uzazi wa mpango wa kutegemewa mpaka mambo yakae sawa. Wakitaja kabamazepini, aulize hapo hapo, maana hiyo hudhoofisha vidonge na vipandikizi vya uzazi, nayo yenyewe haifai kwa mimba. La mama mkwe ni lake yeye kuamua. Fungua uzi wako, tutakuja, lakini miadi kwanza.

Mwanaidi_Mtwapa

Nampigia simu sasa hivi.